Vinasaba Kwenye Chupa Zangu

Huu ni mwaka wa kumi na tisa naosha chupa za maabara. Shule sikuipata, baba aliwasomesha kaka zangu, na mume niliyepewa alinirudisha kwetu kama sufuria iliyotoboka. Lakini chupa zangu zinang'aa, hilo hata adui yangu anakiri. Kazi hii ndiyo kitu pekee maishani ambacho sikupewa na mwanamume.

Pale maabara wanapima vinasaba vya maharage. Binti mmoja mwanafunzi alinieleza huku akipiga miayo: kila chembe ya kitu hai ina kiini, na ndani ya kiini mmejikunja uzi mwembamba uliobeba vinasaba, yaani habari zote za ukoo. "Hata mate yako yanao, mama."

Mwaka jana vipimo vya maharage vikaanza kuonyesha vinasaba vya mtu. Chupa hii, chupa ile, mtu yuleyule. Mkuu wa maabara akanijia pale kwenye sinki, watu wote wanatazama.

"Wewe mama, unaosha au unatemea?"

"Naosha, bwana mkubwa."

"Basi aliyemo humo ni nani, kama si wewe? Ijumaa uache ufunguo wa maabara uende zako."

Nikaiweka chupa chini. Mdomo wangu ulikuwa mzima.

"Nipimeni. Na ninyi nyote mpimwe."

"Mimi? Nina shahada tatu!"

"Kwani mwenye shahada hana mate?"

Wanafunzi wakaangua kicheko, akashindwa kukataa. Tukasugua mashavu kwa ndani na pamba, sote kumi na mmoja.

Ijumaa asubuhi yule binti akaja mbio na karatasi. "Mama, si wewe! Ni mkuu mwenyewe!"

Nani asingejua? Mzee ana tabia ya kuinamia chupa zilizo wazi akihutubia, bila barakoa, manyunyu ya mate yanaruka. Mimi mwenyewe nilikuwa nafuta meza kila alipomaliza. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mkuu akamtuma binti aniambie niendelee na kazi. Nikakausha mikono, nikaenda kugonga mlango wake.

"Ulinifukuza kwa mdomo wako, mbele ya watu. Nirudishe kwa mdomo huohuo, mbele ya watu."

Akaja hadi kwenye sinki, barakoa usoni, akanung'unika kitu.

"Hatusikii, bwana mkubwa."

"Nimesema nilikosea, mama. Ufunguo ni wako."

"Sasa tumesikia," nikamwambia. "Na hiyo barakoa usiivue."