Jibu Alilolingoja Bi Somoe

Ipo asubuhi moja ya Tandika, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni. Mie nilikuwa mama kijana. Mwanangu Hamisi nilikuwa nimemwachisha ziwa juzijuzi, na miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tukiitana ndugu, na mtoto wa jirani akilia ua zima linatoka.

Balozi wetu wa nyumba kumi alitutangazia kwamba daktari mmoja na nesi wanakuja kutafiti kwa nini watoto wa mtaani, wakishaachishwa ziwa, wanapata kwashakoo. Watawapima uzito, watatoa damu kidogo kidoleni, kisha watawapa uji wenye karanga na dagaa waone kama watanawiri. Neno damu ndilo lililotuvuruga. Kina mama wakanong'onezana: hao ni mumiani, wanyonya damu za watu. Siku walipofika, milango ikafungwa. Nami nikaingia ndani na Hamisi wangu.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, mtu wa Lindi asiye na maneno mengi, akanifuata.

"Unamficha nani?"

"Mama, wanataka damu."

Akaketi kitandani. "Mficha maradhi kilio humuumbua. Mie nimezika watoto. Kila msiba niliambiwa ni kazi ya Mungu, na ni kweli. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza walikula nini, walianza kuumwa vipi. Leo amekuja mtu kuuliza, wewe unamfungia mlango?"

Akambeba mjukuu wake, tukatoka. Daktari, kijana wa miwani, akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Damu hii mnaipeleka wapi?"

Akamweleza taratibu kwamba inakwenda kupimwa, ijulikane kama mtoto ana upungufu wa damu au malaria.

"Na mkishajua, mtarudi kutuambia?"

"Nitarudi mwenyewe, bibi."

Ndipo Bi Somoe akamtolea daktari kidole cha Hamisi. Majirani waliokuwa wakichungulia wakaanza kutoka na watoto wao.

Hamisi alikunywa uji ule, uvimbe ukashuka, akashika ukuta, akatembea. Bi Somoe kila akisikia gari barabarani huuliza, "Ndio wao?" Masika yalipoingia akashikwa na kifua, akatutoka.

Daktari alirudi arobaini ya Bi Somoe ikiwa imeshapita. Akaketi nasi mkekani, akasema watoto wengi waliokunywa uji walinawiri. Wachache hawakupata nafuu, na sababu yake hajaijua bado. Kisha akaangaza macho. "Bibi yuko wapi? Nilimwahidi yeye."

Balozi ndiye aliyemweleza. Kijana akavua miwani, akainamisha kichwa.

Hamisi leo ana mvi, nami bado natamani mama yule angekaa pembeni yangu mkekani siku ile, asikie walau kidogo. Jibu lilikuwa lake.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Akija mtafiti kwa ajili ya mtoto wako, usimkimbie, wala usimfuate kibubusa. Muulize anatafuta nini, na lini atarudi. Na ukiwa wewe ndiye mtafiti, ahadi ni deni: rudi mapema, wenye swali wangali hai.

Mungu akukuzie wanao, na wazee wako wasiondoke kabla ya kusikia walichokingoja.