Nilivyoonja Siki Kabla ya Siku Zake

Naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu, ile siku achari ya harusi ilipomwagwa, maana mwenye makosa nilikuwa mimi, na nilikuwa nimesimama pale pale nikishangaa pamoja na wenzangu. Ilikuwa hapa hapa Mbwajumali, kisiwani Pate, siku mbili kabla ya jirani yetu kumwoza bintiye. Maembe yalikuwa yametiwa siki na pilipili wiki tatu nyuma, na mitungi ilipofunguliwa kulikuwa na povu juu, na chini ya povu ukungu. Wanawake wakaanza kutafuta sababu. Mmoja akasema ni jicho la watu. Mwengine akasema chumvi ya dukani siku hizi si chumvi. Mimi nikasema ni joto, na nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Siki ile ilitoka nyumbani kwetu. Nilikuwa nikiishi na shangazi yangu, Bi Mize, tangu nilipoachwa na mume nikiwa na miaka ishirini na sita na binti wa miaka minne, Maimuna. Mume alikuwa mtu wa Kiwayu, akaenda zake Mombasa, na mama yake, yaani mavyaa wangu, alikubali mtoto abaki kwangu kwa sharti moja: akisikia simlei sawasawa, atakuja kumchukua. Nilicheka nilipoambiwa hivyo. Niliona hakuna litakalonitenganisha na Maimuna, nami tayari mkono ulikuwa umeshaingia mtungini.

Ngoja nikueleze, maana vijana wa leo mwaijua siki ya chupa tu. Shangazi alikuwa akitengeneza siki ya mnazi. Mgema alimletea tembo asubuhi, yeye akalitia mitungini, akafunga vitambaa na kuliacha lenyewe, bila kulitia kitu, wiki baada ya wiki. Mwanzo ni tamu, mwisho ni siki, na kati ya mwanzo na mwisho ni ulevi. Kanuni yake ilikuwa moja. Mtungi hunuswa, hauonjwi, mpaka siku ukifungua kitambaa macho yatoke machozi. Hapo imeshageuka siki, na siki ni halali. Kazi ya kunusa alinipa mimi, kwa sababu pua yake ilikuwa imechoka.

Mimi tangu udogo nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua. Nilivunja saa ya marehemu babangu nione kinacholia ndani. Basi siku moja ya zile siku za kati nikataka kujua tu, nikachovya kidole. Kesho yake nikachovya kikombe. Ningependa kukwambia nilikuwa na huzuni kubwa, ungenihurumia zaidi, lakini mwanzo haukuwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye, ikakuta kikombe kiko tayari. Nilichokunywa nilikirudisha kwa maji, na siki yenye maji haiwezi kuhifadhi embe. Hiyo ndiyo siri ya ukungu wa harusi. Wala hakuna aliyenisikia harufu, kwa kuwa nyumba yote, nguo zetu na mikeka yetu, ilinuka tembo na siki usiku na mchana. Nilijiona mjanja sana.

Siku ile ya achari Bi Mize hakusema neno mbele ya watu. Alirudi nyumbani, akachota kidogo katika mtungi uliokwisha kukomaa, akaonja, akatema. Kisha akaniita. Nilikwenda nikiwa nimeshajiandaa kwa makofi, na nilikuwa na uongo wa aina tatu. Shangazi akaniashiria nikae mkekani.

"Nambia, Rukia," akasema. "Ile ya kati ina ladha gani?"

Sikujua pa kuweka uso. Nikaukazia macho mkeka.

"Sikuulizi nikuaibishe. Mimi natengeza siki tangu kabla hujazawa, na ile ya kati siyui ladhaye. Wewe wayua. Nambia."

Mwanangu, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali. Nikamwambia. Nikamwambia inauma ulimini kisha inatuliza, na baada ya kikombe cha pili mawazo yanakaa mbali kidogo na mimi, ninayaona lakini hayanifikii. Alisikiliza kama mtu anayeelezwa habari za mji asiowahi kuufika. Akauliza ni mawazo gani. Akauliza hamu huja saa ngapi. Nikasema baada ya adhuhuri, mtoto akilala na nyumba ikinyamaza, hapo ndipo namsikia mume wangu akinitaka nitoke kwake. Akauliza kama bado ilinifurahisha kama mwanzo. Hilo sikuwa nimejiuliza. Nikafikiri, na jibu likawa hapana, na nikaanza kulia.

Siku hizi Jumatano huja kwangu wanawake wanaotaka kuacha ulevi, wengine wa hapa Pate, wengine wa bara waliokuja kikazi: mke wa askari, mwalimu, mama mmoja muuza mitumba. Wanakuja vichwa vimeinama wakisubiri mawaidha. Mimi huwauliza lile swali la shangazi, na huwa naona vichwa vinainuka.

Lakini nisikudanganye kwamba swali zuri lilitosha. Kwa aibu nikaapa usiku ule ule kwamba sinywi tena, na kesho sikunywa. Kesho kutwa mikono ikatetemeka, nikatoka jasho la baridi, nikaanza kuona sisimizi ukutani ambao Maimuna aliniambia hawapo. Shangazi akanipeleka zahanati. Muuguzi alikuwa dada wa bara, Sista Mercy, mpole wa sauti na mkali wa macho.

"Mama, nani alikuambia uache ghafla hivyo?" akauliza.

"Hakuna. Niliona haya."

"Haya haitibu. Mwili umezoea. Ukikatiza tu hivyo peke yako, unaweza pata kifafa, unaweza hata kufa. Leo unaenda Lamu ulazwe."

Nikalazwa siku sita hospitalini Lamu, kwa dawa na maji ya mishipa. Nilirudi nimekonda lakini mkono umetulia. Nikakuta ukumbi wetu mtupu. Bi Mize alikuwa amegawa mitungi yote kwa mwanamke mwengine wa mtaa wa pili, akaiacha kazi aliyoirithi kwa mama yake. Nikamwambia amefanya makosa, mimi nimeshapona, angeweza kuiacha. Alinitazama.

"Siki itapatikana," akasema. "Rukia ni mmoya."

Kuanzia siku hiyo, kila baada ya adhuhuri, ile saa mbaya, alinikalisha dakani, pale kibarazani mlangoni, nishone kofia pamoja naye na majirani wawili. Na kila siku aliniuliza swali moja kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kama mchele umeiva: "Leo imekuya?" Nikisema imekuja, aliuliza ilikujaje na imekaa muda gani. Tukawa tunaichunguza hamu ile sisi wawili. Tuligundua haikai. Hupanda, hukukaba, kisha hushuka, na mara nyingi ilishuka kabla sijamaliza kuzungushia uzi kitobo cha tano cha kofia. Sikuwa nimewahi kujua, kwa sababu sikuwahi kuingoja.

Nilikaa hivyo miezi miwili. Halafu kiburi kikaniingia. Nikataka kujijaribu, nikaenda kumtembelea yule mwanamke wa mtaa wa pili, nikajitolea kumsaidia kunusa. Waweza kumaliza mwenyewe hadithi hiyo. Nilirudi nyumbani nikitembea kwa uangalifu mno.

Na Mungu alivyo mpangaji, siku ya pili yake boti ya Kiwayu ikamleta mavyaa wangu. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliketi ukumbini, Bi Mize akaketi upande wa pili, mimi katikati yao, Maimuna akicheza uani na ganda la nazi. Mavyaa hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Rukia, nimesikia ulikuwa mgonjwa ukatibiwa. Nimefurahi. Nataka kuyua yambo moya. Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

Uongo ulikuwa rahisi. Ningesema miezi miwili, na shangazi hakuwa akijua lolote la jana yake. Ningesema hivyo, mavyaa angekunywa chai na kurudi kwao, na mtoto angebaki kwangu. Nikamtazama Bi Mize. Hakunikonyeza, hakunisaidia. Alikuwa akinitazama kwa macho yale yale ya kutaka kujua.

"Yana," nikasema.

Maimuna aliondoka na bibi yake mchana ule. Sitaki kukusimulia alivyolia. Nilimchukia mavyaa, nikamchukia shangazi kwa kutonitetea, nikajichukia mwenyewe kupita wote. Jioni Bi Mize aliniletea uji, akakaa karibu yangu.

"Leo imekuya?"

"Imekuja na bado ipo."

"Haya. Tutaingoja."

Tukaingoja mpaka alfajiri, na sikunywa. Asubuhi nikarudi kwa Sista Mercy nikamweleza yote, na yeye akaniangalia mikono, akanipangia siku za kurudi. Hakunigombeza hata kidogo, jambo lililonishangaza.

Mwezi wa kwanza ulipokwisha, mavyaa aliniruhusu kwenda Kiwayu kumwona mtoto. Nilivaa nguo safi, nikabeba vibibi na kibahaluli, vitamu anavyovipenda. Nilipomwita, Maimuna hakukimbia kuja. Alikuja polepole, akasimama mbele ya mkeka, akaleta pua yake mpaka karibu na mdomo wangu. Akanusa. Akangoja kidogo, akanusa tena. Kisha akakaa mapajani pangu, akaanza kunieleza habari za mbuzi wa bibi yake.

Nikacheka, nikamuuliza mavyaa ni mchezo gani huu waliomfundisha.

"Hatukumfunda sisi," akasema. "Alikuya nayo. Mtu mzima yoyote akimwita, humnusa kwanda. Nalidhani wayua."

Sikujua. Mimi niliyetaka kujua kila kitu duniani, sikujua hilo. Katika nyumba ambamo watu wazima hawakuweza kutofautisha harufu yangu na ya mitungi, mwanangu wa miaka minne aliweza. Kila siku nilipomwita alikuwa akiangalia kwanza ni mama yupi anayemwita. Nililia pale mkekani na sikujificha.

Nilikwenda kila mwezi. Kila mwezi alininusa, nami niliinama nimsaidie kufikia. Mwezi wa sita mavyaa aliniambia nimchukue mtoto, maana ameona nimeacha kweli. Tulirudi pamoja, na nyumbani nako alininusa, asubuhi na jioni, na sikumkataza hata siku moja. Ukapita mwezi, ikapita miwili. Halafu asubuhi moja nilikuwa nakuna nazi, nikamwita aniletee kikapu. Alikuja mbio akiwa na kikapu kichwani, akakitupa miguuni pangu, akakimbia tena kucheza. Nilibaki na mbuzi ya nazi chini yangu na mikono imesimama. Hakuninusa.

Basi mwanangu, sikia ninalokuusia. Ukiwa wewe ndiye unayekunywa, usiache kwa kujifungia chumbani na aibu yako. Nenda kwa wauguzi kwanza, mwili nao una mambo yake. Usikae karibu na mitungi kwa kutaka kujipima, hakuna anayetoa zawadi kwa hilo. Hamu ikija, mwambie mtu imekuja, mkae nayo mpaka ipite. Na ukiteleza useme umeteleza, hata kama ukweli huo utakuchukulia kitu unachokipenda. Mimi ulinichukulia mtoto, na ndio ulionirudishia. Ukiwa wewe ni jirani au ndugu, na umemwona mwanamke anayumba ndiani, usikimbilie kumcheka wala kumpiga picha ya simu. Ingia kwake, kaa chini, umuulize ilivyo, kisha unyamaze umsikilize mpaka amalize. Na kama ni mtoto wako anayekutazama sana kabla ya kuja unapomwita, jiulize anatafuta nini usoni mwako.

Mwenyezi Mungu akufungulie ndia, akuhifadhi na unalolificha, akupe watu wa kukuuliza kwa upole na ulimi wa kuwajibu kweli. Na kila utakayemwita kwa jina katika nyumba yako, aje kwako mbio bila hofu. Amin.