Saa Iliyohesabu Kulala

Kazi yangu ya kwanza baada ya chuo ilikuwa kusoma usingizi wa watu wengine. Mwajiri wangu, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka na malori mawili pale Masisi, alikuwa amepoteza lori la tatu kwenye kona moja ya mteremko baada ya dereva kusinzia. Hakuna aliyekufa, lakini Patro, kama sote tulivyomwita, hakula siku mbili. Kisha akaenda Goma, akarudi na saa nne za mkononi kwa madereva wake wanne waliopokezana malori, zile za kioo cheusi zenye taa ndogo ya kijani upande wa chini.

"Hizi njo zitaniambia nani amelala," aliniambia. "Wewe ulisoma informatike. Kazi yako ni kuziuliza."

Miaka ile ya vita hakuna aliyethubutu kuwa barabarani jua likishazama, kwa hiyo madereva waliamka kabla ya jogoo ili wawahi Walikale. Kila mmoja alilala na saa mkononi. Asubuhi alifika depo, nikaiunganisha na simu, nikasoma masaa ya kulala na kuyaandika kwenye kaye, daftari langu la kazi. Chini ya masaa matano, hakuendesha siku hiyo. Na kwa sababu ya wale waliopenda pombe na kutafuta visingizio asubuhi, Patro aliongeza sheria ya pili: aliyetimiza masaa yake kisha akakataa safari, ananyang'anywa lori.

Nilizipenda zile saa. Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Ujumbe wa mistari mitatu nausoma mara tano kabla ya kuutuma, na nikishautuma nausoma tena. Kitu kinachotoa namba moja bila kusitasita kilikuwa kwangu kama zawadi. Na zilifanya kazi. Dereva mmoja aliapa kwamba amelala vizuri, saa ikasema masaa mawili, naye akacheka na kukiri kwamba alikesha kwenye kilio cha jirani. Aliuacha usukani bila kinyongo. Wenzake walinitania, wakinyoosha mkono kama wanaosubiri sindano: "Dokta ya usingizi, nipime."

Mmoja tu hakunitania. Alikuwa mtu mzima wa Muheto, wa familia iliyolima milima ile tangu zamani, na ndiye aliyepeleka chumvi, sabuni na maharagwe upande wa Walikale, vitu ambavyo mwishowe vilibebwa hadi kwa wachimbaji wa dhahabu wa Omate. Alisema kidogo. Alikuwa akiitazama kaye yangu kama mtu anayefunua chungu na kukuta hamna kitu, na hilo lilitosha kunikosesha raha hadi jioni.

Alhamisi moja alifika amechelewa, kwa miguu, suruali imejaa matope hadi magotini. Abiria walikuwa wameshapanda juu ya mizigo, akina mama wa Kingi na jibini zao. Niliisoma saa yake: masaa saba na kitu. Hakuna dereva aliyewahi kufikisha hayo.

"Papa, leo umelala muzuri sana."

"Nimelala, ndiyo," akasema. "Lakini usingizi sikuuona. Leo siendeshi."

Nilicheka nikidhani ni utani. Hakucheka.

"Risasi zilianza saa nne ya usiku, chini ya kwetu. Tukaingia mu shamba ya maharagi, miye na bajukuu na mama yabo. Ukijitingisha, majani inatingika, na banakuona. Basi tukalala chini. Mutoto mudogo alikuwa juu ya huu mukono." Aligusa mkono wenye saa. "Hata kidole sikuchezesha mpaka kukucha. Saa yako iliona muntu hachezi, ikasema analala."

Kwetu mtu aliyekimbia vita husema "tulilala mu pori", na hakuna anayedhani alisinzia hata dakika moja. Neno hilo nililijua tangu utotoni. Niliwahi kulala hivyo mimi mwenyewe. Hata hivyo, kwenye kaye nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa: MASAA YA KULALA.

Nikaanza kuwaza. Nikiandika saba, atapoteza lori, au ataendesha hivyo hivyo na wale akina mama juu. Nikiandika sifuri, Patro ataniuliza nimeitoa wapi, na kesho kila mlevi atakuja na shamba lake la maharagwe.

"Dokta," mama mmoja aliita kutoka juu ya lori, "mutaongea mpaka hii mizigo iote?"

"Andika saba," dereva akaniambia kwa sauti ya chini. "Andika ile unaona. Miye mwenyewe nitaongea na Patro. Usiharibu kazi yako juu yangu, mutoto yangu."

Hapo ndipo nilipomheshimu, na heshima hiyo haijapungua. Namba ilikuwa upande wake. Angeweza kuendesha akiitegemea, na hata kama lori lingepinduka, kaye ingesema alilala.

Patro alitoka dukani, akamsikiliza, na uso wake ukakunjamana.

"Saba, na bado unakataa. Sheria unaijua."

"Naijua, Patro." Akaweka ufunguo juu ya katoni ya sabuni.

Nikiogopa, vidole vyangu hutafuta kazi. Vilikuwa vinafungua kurasa za simu ovyo, vikafika kwenye ukurasa wa mapigo ya moyo, ambao sikuwahi kuusoma kwa madereva kwa kuwa Patro alitaka namba moja tu. Siku nyingine zote mstari wa mzee huyu ulikuwa chini, umetulia. Usiku huo ulipanda kuanzia saa nne, ukabaki juu hadi asubuhi. Saa ilijua. Mimi ndiye sikuiuliza.

"Patro, samahani. Tazama moyo wake."

Aliisogeza simu mbali na macho. "Hii inasema nini?"

"Njo moyo wa muntu anapanda mulima na muzigo. Na hakutoka pale alikuwa."

Aliutazama mstari, kisha matope ya ile suruali.

"Bajukuu iko wapi?"

"Nilibaacha ku misioni, na mama yabo. Bako bazima."

Patro aliuchukua ufunguo, akautia mfukoni mwake. Nikajua yamekwisha. Kisha akawageukia abiria.

"Bamama, tunatoka saa saba. Leo tunafika nusu ya njia tu. Mwenye haraka ashuke."

Walinung'unika, lakini walipoelezwa sababu, yule mama aliyeniita kutoka juu ya lori ndiye aliyeshuka kuwanyamazisha wapakizi. Dereva alivua viatu, akavipanga sambamba, akalala juu ya magunia dukani. Patro alifunga ubao mmoja wa mlango kumkinga na jua, ingawa ilikuwa siku ya soko. Mimi nilikaa kando na simu, nikiutazama mstari ule ukishuka taratibu hadi ukatulia.

Aliamka bila kuamshwa.

"Saa inasema nini?"

"Masaa manne, Papa."

"Miye nasema tano."

"Niandike gani?"

Alifikiri huku akifunga kamba za viatu. "Andika yote mbili."

Nikachora safu mpya kando ya ile ya zamani, nikaiita MWENYEWE ANASEMA. Patro aliisoma juu ya bega langu. Akautoa ufunguo mfukoni, akampa dereva kwa mikono miwili.