Kiti cha Sahara Magharibi

Niliondoka Dar es Salaam mwaka 1996 kwa sababu sikuamini nilichokuwa nikisoma. Magazeti yaliandika kwamba mazungumzo kuhusu Sahara Magharibi, koloni la zamani la Hispania lililo mikononi mwa Moroko, "yanaendelea vizuri". Kura ya wananchi kuamua kama wawe huru ilikuwa imeahirishwa tena. Vizuri kwa nani? Wanafunzi wa Toronto walipokialika chama chetu cha chuo kwenye kikao cha wanadiplomasia, nilijitolea kwenda kama mtazamaji.

Toronto, jioni. Nilifikia mtaa wa Mount Dennis kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayetunza wazee. Alinipakulia ugali, akauliza nimefuata nini.

"Mazungumzo ya Sahara, mama."

"Weye! Ulipanda ndege juu ya ile? Batasema, batakula, batalala. Kula basi, kule utasikia njaa."

Asubuhi, ukumbini katikati ya mji. Msichana wa mapokezi alinitazama, akatabasamu, akaniongoza moja kwa moja hadi meza kuu. Mbele yangu paliwekwa kibao: SAHARA MAGHARIBI. Nyuma kabisa, kwenye viti vya watazamaji, alikaa mwanamke wa rangi ya maji ya kunde, amejifunga vazi refu la Kisahrawi. Huyo ndiye aliyekuwa mjumbe mwenyewe, Salka. Walikuwa wakimngoja Mwafrika, wakamchukua mweusi wa kwanza aliyeingia!

Nilimfuata. "Dada, kiti chako kile pale."

"Nimewaambia mara mbili. Wanasema meza imejaa."

"Unataka nini kwao?"

"Siku ya kura. Mama yangu amezeekea kwenye kambi ya wakimbizi Algeria. Anataka kupiga kura kabla hajafa."

Nilimshika mkono, tukaenda mbele. Mwenyekiti akakunja uso. "Watazamaji huleta maoni kwa maandishi."

"Mtazamaji ni mimi!" nilifoka. "Mimi Mtanzania. Nchi mnayoijadili ni yake!"

Wengine wakacheka. Salka akaketi, akavuta kipaza sauti.

"Kura ni siku gani?"

Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake.

"Siku gani?"

Suala hilo ni nyeti, akajibiwa. Alipouliza tena, yakatangazwa mapumziko ya chakula.

Alasiri lilisomwa tamko: pande zote zimeketi mezani, zote zimesikilizwa. Tarehe haikuwemo. Salka alinigeukia, macho makavu.

"Asubuhi ningeweza kusema sikuwepo. Sasa nipo, nimehesabiwa kwenye tamko lao. Asante, kaka."



Dar es Salaam, nyumbani. Wenzangu walinipigia makofi kwa kumpatia Salka kiti. Niliwakatiza kwa hasira. Kiti wanadiplomasia walimwachia kwa sababu hakikuwagharimu kitu. Walichokikimbia ni tarehe. Siku hizi mtu akiniambia mazungumzo ya nchi fulani yanaendelea, namuuliza yataisha lini. Akikosa jibu, najua kuna mtu amekalia ardhi ya wenzake na hana haraka.