Msimamizi Anayesikia

Wateja walimwita Bibi Sindano, ingawa hakuwa bibi wa mtu. Alikuwa fundi cherehani, kiziwi tangu homa ya utotoni, na mkono wake ulisifiwa mtaa mzima. Ukimpelekea kitambaa cha sare ya shule, hakupimi mara mbili.

Miaka tisa nyuma alikwenda kuomba leseni ya biashara. Karani akamwambia dada yake, aliyekuwa akimtafsiria kwa ishara, kwamba kiziwi haandikiwi leseni peke yake. Sharti awe na msimamizi anayesikia. Basi ikaandikwa kwa jina la shemeji, mume wa dada. Shemeji alikuwa muungwana, hakumsumbua hata siku moja. Ila zabuni ya mashuka ya hospitali ilipotangazwa, Bibi Sindano hakuweza kuomba, maana kwenye karatasi duka halikuwa lake. Akameza. Sheria ni msumeno, walimwambia.

Mwaka huu shemeji akafariki. Yeye na dada yake wakaenda ofisini kuuliza sasa nani anafaa kuwa msimamizi. Wakamkuta afisa mpya, mama wa miwani.

"Msimamizi wa nini?" aliuliza. "Imeandikwa wapi?"

Akaitwa karani, yuleyule, sasa kichwa kimejaa mvi. Kitabu cha kanuni kikafunuliwa ukurasa kwa ukurasa. Hamna kitu. Afisa akamgeukia, naye karani akasema polepole:

"Nilipoajiriwa nilikuta wanafanya hivyo. Sikuwahi kuuliza."

Mikono ya dada iliganda hewani. Bibi Sindano akamvuta kiwiko: anasema nini? Alipotafsiriwa alitaka arudiwe, kisha arudiwe tena. Akaketi sakafuni palepale, mkoba mapajani, watu wa foleni wakimkodolea macho. Hakulia. Alikuwa akijiuliza ni wangapi waliorudishwa kwenye mlango ule na kanuni isiyo na baba wala mama.

Leseni aliandikiwa siku hiyohiyo, kwa jina lake. Afisa akabandika tangazo mlangoni: asiyesikia hahitaji msimamizi. Mwezi haukuisha, wakaja fundi viatu na kinyozi, viziwi wote, waliokuwa wakifanya kazi kwa majina ya kaka zao. Zabuni ya mashuka ya mwaka huu nayo Bibi Sindano ameomba, majibu bado.

Dada ndiye hajatulia. Juzi, akimsaidia kukata nyuzi, aliweka mkasi chini akaashiria: "Uongo ule nilikuletea mimi, kwa mikono hii."

Bibi Sindano aliuokota mkasi, akaendelea kukata nyuzi mwenyewe.