Aliyenizuia Nisimfuate Yohana

Siku ile naikumbuka hadi harufu yake, mwanangu: magome ya miti mibichi yaliyolowa. Yohana, niliyekua naye kijijini Kitanga, alitumwa ndani ya tumbo la meli kufuata kamba. Nilikuwa juu mlangoni. Nikamwona anakaa kwenye ngazi kama mtu aliyechoka kulima, halafu akaanguka juu ya magogo. Nikamwita, kimya. Nikavua koti nishuke. Mtu akanikamata kiuno kwa nyuma, akanibwaga chini.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Ilikuwa miaka ya tisini. Gervas Bihonda wa Kasulu, jina lake nalitaja lote, alizunguka vijijini akitafuta vijana wenye nguvu. Alisema meli za kigeni zinataka mikono, habari za darasa ni za waoga. Mimi shule niliacha darasa la nne, nikampenda hapohapo. Akatupa vyeti vya mafunzo ambayo hatukuyapata hata siku moja, akatupandisha basi hadi bandarini. Ofisa wa zamu melini alipotuuliza kama tumefundishwa, tulionyesha vile vyeti, naye akaridhika. Na yeye namlaumu.

Sasa, kwetu wajua, yowe likipigwa bondeni watu hawaulizi. Mtu kaanguka shimoni, unaruka umtoe. Anayebaki juu akichungulia, hata mke atakosa. Nami nilijua hivyo tu. Sikujua magogo mabichi yakifungiwa tumboni mwa meli hula hewa yote, na anayemfuata mwenzake hufa juu yake.

Aliyenibwaga alikuwa Mzee Haji, mkuu wa mabaharia, Mpemba. Nilimpiga, nikamwita mwoga, nikamtukania mamaye kwa Kiha chetu na kwa Kiswahili.

"Nitukane," akasema, kanikalia mgongoni. "Nitukane mpaka kesho, lakini ukiwa hai."

Wakaja wenye mitungi ya hewa, wakamtoa Yohana. Alikuwa amekwisha.

Nilimchukia Mzee Haji safari nzima. Yeye hakunichukia. Alikwenda kwa wenye meli akawaambia vyeti peke yake havitoshi, nao wakamsikia: katika meli zao zote, ikawa mgeni hashuki popote mpaka afundishwe na kujaribiwa humohumo melini. Mimi akanifundisha mwenyewe, kupima hewa, kufunga kamba, kupiga kengele na kusimama. Kusimama ndiko kulikonishinda. Alikuwa anatumbukiza gunia, anapiga yowe, ananitazama miguu. Ikisogea, tunaanza upya. "Muha wewe," ananicheka, "miguu yako ina huruma kuliko akili." Baadaye nami nikafundisha wengine, na wapo walio hai kwa hilo. Kila nikila na wanangu namshukuru mzee yule.

Nasikia nawe unataka meli. Nenda, sikukatazi. Ila usipokee cheti cha kitu usichokifanya kwa mikono yako, na mwenzako akianguka, piga kengele kwanza, mguu ubaki juu. Usione haya kuitwa mwoga. Imana, Mungu wetu, akupe mtu wa kukushika kiuno, akurudishe kwenu na afya yako.

Na wewe Gervas, uko hapo Kasulu, unakaa benchi la mbele kanisani. Mama Yohana bado yu hai. Panda Kitanga ukamjibu, mbele ya watu: mwanawe ulimfundisha nini?