Mkono wa Mponda

Juzi nilipita kwa fundi baiskeli hapa Ifakara, naye alikuwa anachoma kipande cha mpira ili azibe pancha. Harufu ile iliponifikia nikashika nguzo ya kibanda chake. Fundi akaniletea kigoda akidhani ni jua, nami nikamwacha adhani hivyo. Ukweli ni kwamba harufu ile ilikuwa imenirudishia kaka yangu Mponda, ambaye sijamwona tangu nikiwa mtoto wa mapengo, enzi za Mjerumani.

Siku zile baba zetu walilazimishwa kwenda porini kugema utomvu wa mpira. Walirudi umewagandia vifuani na mikononi, na sisi watoto ndio tuliowabandua, wenyewe wakiguna kwa jinsi malaika za mwili zilivyong'oka. Vipande vilivyobaki tuliviringisha tukapata mpira wa kuchezea, mkubwa kama limau, unaonuka moshi na jasho la baba. Mmoja anarusha, mwenzake anaupiga kwa mpini wa jembe, kisha anakimbia kuzunguka vichuguu vitatu kabla wengine hawajaudaka na kumpiga nao. Tulicheza mashambani mpunga ukishavunwa, mabua yakituchoma nyayo.

Kila mtoto alikuwa na lake. Mmoja ana mbio lakini hana shabaha, mwingine anapiga vizuri lakini akikosa ananuna mpaka jioni. Ligolo, mtoto wa jirani, hakuwa na lolote. Akianza kukimbia ungeweza kwenda mtoni kuteka maji ukarudi ukamkuta bado yuko njiani. Mponda alikuwa na vyote. Nasema hivi kwa kuwa ni kaka yangu, mtanivumilia. Mkono wake ulikomaa kwa kombeo la kuamia ndege shambani, na alikipata kichuguu ambacho sisi hata kukiona vizuri tulishindwa. Alidaka huku anatazama kwingine. Akikosa alicheka, na zamu yake ya kupiga mara nyingi alimpa Ligolo. Mimi alinifundisha kudaka. "Usiukazie mkono, mdogo wangu," aliniambia. "Ulegeze, mpira utakuja wenyewe." Kila alipodaka, alinikonyeza.

Kisha ikaja habari ya maji. Mgeni mmoja alitokea upande wa Lupiro na kibuyu chake, akasema mtu akinyunyiziwa maji yale, risasi ya Mjerumani ikimfikia inageuka maji. Msitucheke. Aliyeona baba yake akilazwa chini na kuchapwa kiboko haulizi mengi. Mgeni alipita nyumba kwa nyumba akikusanya vijana, na asubuhi aliyotarajiwa kwetu, baba alimfunga Mponda mkono wa kulia kwa vijiti na kamba za gome, akamkalisha barazani. Mimi hakuna aliyeniambia kitu. Nilikuwa mtoto, tena mwenye mdomo.

"Huyu si wa kuchukua," baba alimwambia mgeni. "Mkono wake mbovu."

Jamani, nilikasirika. Jana yake tu nilimwona Mponda akiupiga mpira ukapotelea kwenye matete, leo anaitwa mbovu mbele ya mgeni! Nikatoka nyuma ya kinu, nikapiga goti nikaamkia kama nilivyofunzwa, halafu nikayamwaga yote. Kwamba kaka yangu hashindwi mbio na mtu. Kwamba hakosi shabaha. Kwamba anadaka bila kuangalia, na hata akianguka anainuka anacheka. Mama alinifinya mgongoni, nami nikadhani ananiambia ninyooke nisimame vizuri. Nikanyooka nikaendelea.

Mgeni alinisikiliza mpaka mwisho. Akaokota gunzi, akamrushia Mponda. Mkono ule uliofungwa ulichomoka kwenye vijiti, ukalidaka.

Baba aliinama akaanza kuokota vijiti, kimoja kimoja. Mponda alinitazama, akanikonyeza.

Walimnyunyizia maji, wakampa mkuki, akaondoka na wenzake kwenda boma la Wajerumani kule Mahenge. Aliyerudi ni Ligolo. Alitueleza kwamba bunduki za bomani zilimimina risasi bila kupumzika, na kwamba yeye alipona kwa sababu alikuwa nyuma sana, miguu haikumfikisha. Mponda alikuwa mbele ya wote. Ligolo alisema alimwona akiinua mkono, kama anayetaka kudaka. Sikumwuliza zaidi.

Baadaye askari walikuja wakachoma ghala letu, na mpira wetu ulikuwa mle ndani pamoja na mpunga. Hiyo ndiyo harufu niliyoikuta kwa fundi. Njaa iliyofuata ilimchukua mama, kisha baba, ambaye mpaka siku ya mwisho alinimegea kiazi cha porini kipande kikubwa kuliko chake na hakunigombeza hata mara moja. Heri angenichapa. Nilishakuwa na watoto wangu nilipoelewa kwamba baba aliuona uhodari wa Mponda tangu mwanzo. Yale yote niliyomwambia mgeni kwa majivuno, yeye aliyajua kabla yangu, moja baada ya jingine, na kila moja lilimnyima usingizi. Nimelielewa, na halijanisaidia chochote.

Nilikuwa bado kwenye kile kigoda wakati mjukuu wangu Petro alipokuwa akicheza na wenzake uwanjani mbele ya fundi. Mpira ulimjia kwa nyuma, akaunyaka kwa mkono mmoja hata hakugeuka. Kuna bwana mmoja, simjui, alikuwa anangojea baiskeli yake. Akaacha mazungumzo akamtazama mtoto.

"Shikamoo, bibi. Yule ni wako? Hodari kweli."

"Marahaba," nikamjibu. "Hamna kitu pale. Mkono wake mbovu."

Petro alisikia. Nilimwona akiuangusha mpira na kunitazama. Nikageukia kwingine.